Heshima Yake Deni

Muulize mwandishi kwa nini anaandika, atakutajia ukombozi wa jamii, kuitunza lugha na kiu ya moyo. Deni halitaji, ilhali ndilo linalomwamsha alfajiri. Mwito wa sanaa humwacha mtu alale mpaka saa nne. Daftari la madeni la Mangi mwenye duka, lenye jina la mwandishi na unga, mafuta na vocha za tangu mwezi juzi, halimwachi. Na mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo ni mhariri mkali kuliko wote: hasomi hata sentensi moja, lakini miswada humalizika kwa ajili yake.

Ushahidi upo, tena wa wakubwa. Samuel Johnson aliandika kitabu chake Rasselas mwaka 1759, jioni za wiki moja tu, apate kulipia mazishi ya mama yake. Dostoevsky ndiye bingwa. Mwaka 1865 alichukua rubli 3,000 kwa mchapishaji Stellovsky, kwa sharti ambalo hata wakopeshaji wa kausha damu wangeona haya kuliandika: asipoleta riwaya mpya kufikia Novemba 1, 1866, mchapishaji atachapa kazi zake miaka tisa bila kumlipa hata kopeki. Oktoba ikaingia, riwaya hakuna. Akamwajiri binti mjuzi wa hati mkato, Anna Snitkina, akawa anamwandikisha kwa imla. Siku 26, kazi imekwisha. Hata kisa chenyewe, cha mcheza kamari, kilitoka kwenye meza zilezile zilizomfilisi. Siku ya kukabidhi, mchapishaji hapatikani. Muswada ukaachwa kituo cha polisi, kwa risiti. Mwaka uliofuata Anna akawa mkewe. Nitajieni msukumo mwingine wa kisanaa uliompa mtu riwaya na mke kwa mpigo.

Watasema kazi ya njaa huwa mbovu. Wana hoja: Walter Scott, biashara zilipomwangukia mwaka 1826, alikataa kujitangaza muflisi, akaandika mfululizo hadi afya ikamtoka, na riwaya zake za mwisho huwachosha hata wanaompenda. Lakini deni halikuahidi uzuri. Liliahidi ukurasa wa mwisho, ambao wenye vipaji wengi walio na akiba benki hawajauona. Pingamizi zito ni hili: kwetu mrabaha haufuti hata ukurasa mmoja wa daftari la Mangi, hivyo mdaiwa mwenye akili si angeendesha bodaboda? Kweli. Ila hapo ndipo uaminifu wa deni unapoonekana, maana kitabu kisipolilipa, linabaki palepale, na riba juu, likidai kitabu cha pili. Tuzo haina utu huo. Ikishatolewa, hairudi kukujulia hali.

Basi, msomaji, ukitamani kitabu kipya cha mwandishi umpendaye, acha kumpongeza. Mkopeshe, halafu uwe unampitia nyumbani kila mwisho wa mwezi.