Kilo Kumi na Tano na Mama Mkwe

Ukitaka kujua moyo wa mtu una nguvu kiasi gani, mpe tiketi ya ndege ya saa mbili asubuhi, kisha umwambie anakaa Kimara. Usiku huo hatalala. Ataamka saa saba kutazama simu, saa tisa kutazama tiketi kama bado imeandikwa tarehe ile ile, na saa kumi atakuwa ameketi sebuleni na viatu mguuni, akimkodolea macho kila anayepita kwenda bafuni. Na huyo anakwenda likizo. Anakwenda kupumzika.

Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam hauko mbali. Kutoka Posta hadi pale Kipawa ni kama kilomita 12, na ipo miji mikubwa duniani ambayo ingelipia fedha nyingi kuwa na bahati hiyo. Ila kilomita za Dar hazipimwi kwa urefu. Sisi wa Kimara tunashuka na Barabara ya Morogoro hadi Ubungo, pale kwenye Daraja la Kijazi tunaingia Mandela, tunapita Tabata na Buguruni mpaka Tazara, halafu tunakunja kulia kuingia Barabara ya Nyerere. Ukiitazama kwenye ramani unaona aibu kuamka alfajiri. Lakini Mandela ni njia ya malori. Mizigo inayoshushwa bandarini kwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi hupita humo, kontena nyuma ya kontena, na lori moja likikata pumzi Buguruni, basi watu wa nchi nne wamechelewa, na wewe pamoja nao.

Daraja la Mfugale pale Tazara lilifunguliwa mwaka 2018 na watu wakashangilia, tena kwa haki, maana foleni ya Tazara ilishawazeesha wengi. Ila lile daraja linawapitisha juu wale wanaotoka mjini na Barabara ya Nyerere. Sisi wa Mandela tunabaki chini kwenye taa, tukisikiliza wenzetu wakiunguruma juu ya vichwa vyetu kwenda kuwahi ndege zao. Na taa ikiwaka kijani usifurahi mapema. Tazama kwanza mkono wa trafiki. Akiwa amesimama pale katikati, taa zinabaki kuwa pambo.

Ukishavuka hapo, unaweza kukutana na msafara. Wageni wa nchi hushukia uwanja huo huo, na viongozi wetu huenda kuwapokea kwa barabara hiyo hiyo. Ving'ora vikisikika, kila kitu kinasimama, na unabaki kuhesabu magari meusi yanayopita. Tofauti ni kwamba ndege ya mkubwa humsubiri mkubwa.

Hata hivyo barabara naionea. Kwa uchunguzi wangu, safari ya kwenda uwanja wa ndege huharibikia ndani ya geti, kabla gari halijawashwa. Chukua suala la muda. Kila nyumba ina mtu mmoja anayejua saa ya ndege na wengine wote wanaojua saa ya kujiandaa, na saa hizo mbili hazijawahi kuonana. Wababa wengi hujaribu kutibu tatizo kwa uongo: ndege ni ya saa mbili, wewe unatangaza saa moja. Dawa hiyo hufanya kazi mara ya kwanza tu. Safari inayofuata, familia imeshajua, inaongeza saa moja kwenye tangazo lako kabla ya kuanza kuchemsha maji ya kuoga. Unaongeza uongo uwe wa saa mbili. Nao wanaongeza mbili. Mwishowe unatangaza ndege ya usiku wa manane, na binti yako anakutazama kwa huruma na kukuuliza, “Baba, ya kweli ni saa ngapi?”

Desemba iliyopita tulikuwa tunakwenda Unguja, mimi, mke wangu, binti yetu na mama mkwe aliyekuja kutoka Mwanza. Mtu atauliza: Unguja kwa ndege, boti zina kazi gani? Mama mkwe boti alishaipanda, ikamkataa. Kuanzia siku hiyo aliapa kwamba yeye ni mtu wa ziwa, na maji yenye chumvi atayaona kutoka juu. Kwa hiyo tukakata tiketi za ndege ndogo, zile zinazobeba abiria wachache na kuvuka mlango wa bahari kwa dakika ishirini hivi. Tiketi iliandika wazi: kilo 15 kwa kila abiria, begi liwe laini.

Mama mkwe alikuwa na ndoo. Ndoo ya plastiki, ile ya lita kumi yenye kifuniko, imefungwa kwa kamba ya manila, na ndani yake sato waliokaangwa na kugandishwa. Nilipouliza kwa upole kama ni lazima tupeleke samaki kisiwani, alinijibu bila kuinua macho: “Baba, wale wa kule wanakula samaki wa chumvi. Hawajui wanachokosa.” Mkwe habishani. Ndoo ikawekwa mlangoni.

Saa kumi na moja kasoro alfajiri tulikuwa tayari, jambo ambalo lilinishangaza mpaka nikaanza kutafuta kilichosahaulika. Kisha akaingia jirani. Ni mama mwema, ametuona taa zinawaka, kaja kutuombea safari. Sala yake ilianzia kitabu cha Mwanzo, kwenye uumbaji wa anga na vyote vinavyoruka. Tulifika Kutoka, lakini kutoka kwenyewe hatukutoka. Simu ilikuwa inatetemeka mfukoni mwangu. Ni dereva wa teksi niliyoiita kwenye programu. Nikajibana kwenye kona nikapokea kwa kunong'ona.

“Bosi, unaelekea wapi?”

“Uwanja wa ndege.”

“Unalipa keshi?”

“Keshi.”

“Poa, niko hapo tu.”

“Hapo tu” ilikuwa Mbezi. Nilimwona kwenye ramani akiwa amesimama, akizunguka, akirudi alikotoka, kisha akija kwa mwendo wa bibi harusi. Alipofika, gari lilikuwa IST, na kila mkazi wa Dar anajua buti la IST linabeba nini: mabegi mawili na matumaini. Begi la binti likaenda mbele miguuni mwangu. Ndoo mama mkwe aliipakata mwenyewe, hakutaka mtu aiguse.

Hatujafika Korogwe ya Kimara, dereva akasema neno ambalo nadhani hufundishwa kwenye mafunzo yao: “Bosi, tupitie sheli kidogo.” Sijawahi kuelewa. Mtu amejua tangu mwanzo kwamba anampeleka abiria uwanjani, lakini mafuta lazima yaingizwe abiria akiwa ndani, tena ya elfu kumi, tena baada ya kumtafuta kijana wa pampu aliyelala. Baada ya mafuta ikaja zamu ya upepo kwenye tairi la nyuma. Nyuma kulikuwa na mama mkwe na ndoo, kwa hiyo kuhusu tairi sikusema lolote.

Njia ilikuwa nzuri, kusema ukweli. Malori yalikuwa yamelala pembeni, Buguruni ilikuwa ndiyo kwanza inapanga nyanya. Ugomvi ulikuja mwisho kabisa, tulipokaribia uwanja, kwa sababu uwanja wetu una majengo matatu ya abiria, na hayo matatu hayako mlango mmoja. Jengo la Tatu, lililoanza kupokea abiria Agosti 2019, ndilo la safari za nje. Jengo la Pili, la mwaka 1984, lilichorwa na Mfaransa Paul Andreu, yule yule aliyechora jengo la kwanza la uwanja wa Charles de Gaulle kule Paris, na siku hizi linahudumia zaidi safari za ndani. La Kwanza ndilo la zamani kuliko yote, na ndiko kwenye ndege ndogo. Dereva hakutaka kusikia. “Kaka, siku hizi ndege zote Jengo la Tatu.” Nikamwonyesha tiketi. Akasema tiketi ni ya zamani. Nikamwambia nimeinunua Jumanne. Tulizunguka Jengo la Tatu lote, zuri kwelikweli, linang'aa, na mama mkwe akalisifia kutoka dirishani, kisha tukarudi kwenda kulitafuta la kwetu.

Pale mizani ilitusubiri. Mabegi yalipita. Ndoo ilipimwa, ikaunganishwa na kilo za binti ambaye hakuwa na nguo nyingi, ikapita. Nikaanza kupumua. Ndipo kijana wa kaunta, mwenye sare safi na adabu yake yote, akamgeukia mama mkwe: “Mama, naomba upande na wewe, pamoja na mkoba.”

“Mimi?”

“Ndiyo mama. Ndege ni ndogo, tunapanga uzito.”

Kijana alikuwa sahihi. Ndege za aina hiyo hupangwa kwa hesabu, nani akae mbele na nani nyuma, ili uzito usielemee upande mmoja. Lakini kwa desturi zetu mkwe hatakiwi hata kujua mama mkwe amekula nini mchana, sembuse kilo zake. Niligeuka nikaanza kusoma tangazo la ukutani kuhusu vitu vilivyokatazwa. Nimelisoma lote. Najua kwamba betri za akiba za simu hubebwa mkononi, haziwekwi kwenye begi la mzigo, kwa sababu zikishika moto huko chini hakuna wa kuzizima. Pamoja na elimu hiyo yote, kijana aliisoma namba kwa sauti ili mwenzake aandike, na masikio hayana kope.

Mama mkwe alishuka akavaa viatu vyake taratibu. “Mwanangu,” alimwambia mke wangu, “wamenipima kama gunia la pamba.” Mimi hakuniambia kitu mpaka Unguja.

Baada ya hayo tuliambiwa ndege itachelewa saa moja na nusu. Ile sala, lile sheli, ule mzunguko wa Jengo la Tatu, vyote vingetosha ndani ya muda huo na nafasi ingebaki ya kulala. Nilikaa kwenye kiti nikawatazama watu wanaoingia zamu: wafagiaji, wapakia mizigo, mabinti wa kaunta. Wengi wao huja na daladala za Gongo la Mboto, zinazopita pale nje. Barabara yao ndiyo hii yetu, foleni ni hiyo hiyo na trafiki ni yule yule, wala sikumwona hata mmoja anayetokwa jasho. Wanakwenda uwanja wa ndege kila siku wakiwa wanacheka. Nilitafakari sana siri yao, na sikuona nyingine isipokuwa hizi: hawana mzigo, hakuna anayewasindikiza, na wanajua mlango wao ni upi. Nimeshasoma ushauri mwingi wa kutuliza moyo wa msafiri, sijui vuta pumzi, sijui sikiliza muziki laini. Ukiwa umefungiwa ndani ya IST iliyosimama sheli huku mtu anatafuta chenji, muziki laini unakupandisha hasira tu.

Ndege ilipoitwa, hesabu za yule kijana zilimweka mama mkwe mbele kabisa, kiti cha pembeni ya rubani. Alifunga mkanda, akakunja mikono kwa heshima asiguse kitu, na kabla hatujaiacha pwani alikuwa anamweleza rubani jinsi ziwa linavyoonekana ukiwa juu ya mawe ya Mwanza. Rubani aliitikia, “Ndiyo mama,” mpaka tukatua. Shemeji zetu wa Unguja walikula sato siku hiyo hiyo wakasifu, na kesho yake wakarudi kwa changu wao.

Msomaji mwenye safari mwezi ujao, nina machache. Uliza ni jengo gani kabla hujapanda gari, maana dereva hatakuuliza hadi mfike getini. Jirani mwema mwombe aje kusali jioni ya kuamkia safari, wakati kitabu chochote anaweza kukimaliza. Mwambie dereva aje akiwa ameshajaza mafuta, hata kama hatakusikiliza. Mabegi yapime nyumbani; kama huna mizani, muuza duka wa mtaani anayo. Ila mama mkwe usimpime. Hiyo kazi waachie wa uwanjani, wao wamepewa sare.