Ukiona Vyaelea: Range Rover Kuukuu na Mfuko wa Mwenyewe

Miongoni mwa mambo ambayo wachumi wa vijiweni, wa Dar es Salaam na wa Nairobi, hawajayatolea maelezo ya kuridhisha ni sababu inayomfanya mtu mwenye akili timamu, aliyekuwa na fedha za kununua Toyota ndogo yenye afya, azipeleke fedha hizo zote kwenye Range Rover iliyokwisha kufikia umri wa kupiga kura. Gari linalozungumziwa hapa ni Range Rover ya kizazi cha tatu, inayojulikana kiwandani kwa jina la L322, ambayo ilibuniwa Land Rover ikiwa mali ya BMW, ikaingia sokoni chini ya Ford, na ikamaliza maisha yake ya kiwandani mwaka 2012 ikiwa mikononi mwa kampuni ya Tata ya India. Malezi hayo ya wazazi watatu yana athari zake hadi leo, kwani matoleo ya mwanzo yana injini za BMW na baadhi ya yaliyofuata yana injini za Jaguar, kiasi kwamba muuza spea wa Gerezani, Kariakoo, kabla hajataja bei huuliza kwanza gari ni la mwaka gani, kisha humtazama mteja kwa huruma ambayo haimpunguzii bei.

Kanuni inayotawala umiliki wa gari la namna hii ni nyepesi kuieleza na nzito kuilipia: bei ya gari hushuka kila mwaka, lakini bei ya spea zake haina habari na kushuka huko. Gari ni kama sultani aliyepinduliwa, ambaye himaya haipo tena lakini bado anadai apepewe. Mnunuzi hulipa bei ya mtumba siku moja tu, na kuanzia siku ya pili huhudumia chombo cha takriban tani 2 na nusu kwa viwango vya yule aliyekinunua kikiwa kipya, ambaye kwa kawaida hakuwa na mkopo wa SACCOS.

Maradhi yanayosifika zaidi ni ya mfumo wa upepo. Katika magari mengi bodi hubebwa na springi za chuma, ilhali katika Range Rover hii hubebwa na mifuko minne ya mpira inayojazwa upepo na kompresa, yaani pampu ndogo ya umeme, huku sensa zikipima kimo cha kila pembe na kompyuta ikiamua gari linyanyuke au lishuke. Mpira huo huzeeka, hupasuka nyufa ndogo na kuvuja polepole usiku, hivyo kwamba asubuhi gari hukutwa limepiga goti upande mmoja. Kwa kuwa gari lina kitufe halali cha kulishusha ili abiria wapande kwa urahisi, mwenyewe huwaambia majirani kwamba amelishusha kwa makusudi, maelezo ambayo yangekubalika zaidi kama lingeshuka pembe zote nne. Akiendelea kuona haya, kompresa hulazimika kufanya kazi muda wote kufidia upepo unaovuja hadi nayo ikaungua, na hapo tatizo la mfuko mmoja hugeuka kuwa la mfuko, kompresa na heshima. Wapo mafundi wanaong'oa mfumo wote na kufunga springi za koili, tiba ambayo huliinua gari kweli, ila huliondolea ule ulaini uliomshawishi mtu kulinunua, na kompyuta isiposhughulikiwa huendelea kulalamika kwenye dashibodi kila gari linapowashwa.

Umeme nao una vituko vyake. Betri iliyojaa inayopumzika husoma takriban volti 12.6, na inapochoka, kompyuta za gari hukosa umeme wa kutosha na kuanza kutoa taarifa za magonjwa yasiyokuwepo, mara breki, mara giaboksi, mara mfumo wa upepo, hadi dashibodi ikawaka taa za sikukuu. Fundi mwenye pupa hubadilisha sensa moja baada ya nyingine kabla ya kumshika mchawi halisi, ambaye alikuwa betri. Mashine ndogo za kupimia zinazouzwa mitaani hazisaidii sana, kwa sababu nyingi husoma kompyuta ya injini peke yake, wakati gari hili lina kompyuta nyingi.

Injini ya petroli ya BMW, yenye silinda 8, huficha gharama yake mahali padogo. Cheni inayoratibu ufungukaji wa valvu hupita juu ya reli za plastiki, na plastiki hiyo, baada ya miaka mingi ya joto, hukauka na kuvunjika vipande vinavyodondokea kwenye sampu ya oili. Reli zenyewe si ghali, lakini kuzifikia ni lazima upande wote wa mbele wa injini ufunguliwe, na mwenye gari hulipia njia kuliko safari. Mirija ya kutolea maji kwenye dirisha la paa huziba kwa majani, hivyo masika huanza kunyesha ndani. Mafuta ni lita 16 au zaidi kwa kilomita 100, na foleni ya Morogoro Road haijawahi kuipunguza hesabu hiyo.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Kuhusu chombo hiki kinachoelea juu ya upepo, ingefaa kuongeza kwamba huundwa tena kila mwezi. Anayekitaka hata hivyo akiache kilale usiku mzima kabla ya kulipa na akitazame kimo chake alfajiri, akipime kwa mashine inayosoma kompyuta zote, kisha aweke kando fungu la matengenezo ambalo halitaguswa kwa ada ya shule wala kodi ya nyumba. Asiye na fungu hilo hana aibu yoyote akinunua Toyota, kwani itamfikisha harusini kwa wakati, na huko atapigia picha kwenye Range Rover ya mwenzake.