Watazamaji wa Anvil na Mikosi ya Miaka Thelathini

Anvil! The Story of Anvil ni filamu ya makala kuhusu bendi ya Anvil, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2008. Mwongozaji wake, Sacha Gervasi, ni Mwingereza ambaye ujanani aliwahi kuibebea bendi hiyo vyombo, kwa hiyo hakuhitaji kusimuliwa uzito wa shughuli yenyewe. Bendi ni ya Toronto, Kanada, nayo hupiga roki nzito. Iliundwa mwaka 1978 na marafiki wawili wa tangu ujana: Steve Kudlow, anayejulikana zaidi kwa jina la Lips, mwimbaji na mpiga gita, na Robb Reiner, mpiga dramu. Albamu yao Metal on Metal ya mwaka 1982 iliwasisimua vijana waliokuja kuunda bendi kubwa kuliko yao. Mwaka 1984 walipanda jukwaani Japani katika tamasha moja na Scorpions, Whitesnake na Bon Jovi. Wenzao wakaendelea kuuza rekodi kwa mamilioni. Wao wakarudi Toronto.

Kamera inawakuta zaidi ya miaka ishirini baadaye. Lips anaendesha gari la kusambaza chakula cha wanafunzi, na anaeleza mpangilio wa vyakula vya wiki kwa umakini uleule anaoutumia kueleza muziki. Reiner anafanya vibarua vya ujenzi. Usiku bado wanapiga muziki. Kuanzia hapo filamu inakwenda mkosi baada ya mkosi, na watazamaji nao wanaanza kugawanyika kimaoni.

Kundi la kwanza ni la wasiosadiki. Hawa hushikilia kuwa bendi ni ya kubuni, na ushahidi wao si haba. Mwaka 1984 ilitoka filamu ya vichekesho iitwayo This Is Spinal Tap, iliyojifanya makala kuhusu bendi ya roki ya Kiingereza ambayo haikuwapo. Mwongozaji wake aliitwa Rob Reiner. Mpiga dramu wa Anvil anaitwa Robb Reiner. Tofauti ni herufi moja. Katika Spinal Tap kuna amplifaya yenye sauti inayopanda hadi 11 badala ya 10, na katika filamu ya Anvil kamera inapita mbele ya kitufe chenye namba hiyohiyo. Katika Spinal Tap bendi inaagiza mfano wa mawe ya Stonehenge, mchoro wa bendi yenyewe unachanganya vipimo, na fundi analeta kijiwe kisichozidi goti la mtu. Anvil wanapofika Uingereza, wanakwenda kuyatembelea mawe yenyewe. Mtazamaji wa kundi hili hujiegemeza kitini na kuwaambia jirani zake kwamba yeye hadanganyiki. Kinachomwangusha ni kalenda: Metal on Metal ilikuwa madukani miaka miwili kabla ya filamu ya Spinal Tap kutoka. Anvil walikuwapo kabla ya vichekesho hivyo kuonyeshwa.

Kundi la pili ni la wachekaji, nalo hupata riziki yake katika ziara ya Ulaya. Bendi inakosa treni. Lips anawasalimia kwa furaha wanamuziki aliowahi kufahamiana nao, na mmoja anamtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka deni. Mjini Prague wanapotea njia, wanafika klabu wakiwa wamechelewa, wanapiga hivyohivyo, na mwenye klabu anakataa kuwalipa. Nusura yeye na Lips wakunjane mashati. Kilele ni Transylvania, Romania. Ukumbi unaoweza kuchukua watu 10,000 unapata watu 174. Hapo wachekaji huangua kicheko. Kisha kamera inamrudia Lips, ambaye anapiga kwa nguvu zilezile kama kwamba viti vyote vina watu, na kicheko kinapungua kwa aibu. Wachache huendelea kucheka hadi mwisho. Hao kwa kawaida hawajawahi kuandaa shughuli yoyote na kuwasubiri wageni.

Kundi la tatu ni la wahasibu. Kwao filamu nzima ni hesabu iliyopotea, na hutazama kila tukio wakitafuta stakabadhi. Nani alilipa nauli? Mkataba wa Prague uko wapi? Nani aliukodi ukumbi wa watu 10,000 pasipo kuuza tiketi kwanza? Lawama zao nyingi humwangukia mwanamke aliyeipanga ziara, shabiki mwenye ari kubwa kuliko uzoefu. Watetezi wake hujibu kwamba miaka mingi ilipita bila wenye uzoefu kujitokeza kupanga lolote. Hatimaye mwanamke huyo aliolewa na mpiga gita mwingine wa bendi, na hilo ndilo pato la pekee la ziara ambalo hakuna mhasibu anayelipinga.

Wahasibu hupata pigo jingine baada ya ziara. Prodyuza Chris Tsangarides, aliyetengeneza Metal on Metal, anakubali kurekodi nao albamu ya kumi na tatu huko Dover, Uingereza, lakini fedha zinatakiwa. Lips anajaribu kuzitafuta kwa kuuza miwani ya jua kwa simu. Kazi hiyo inataka ulimi usio na haya, naye ni mpole mno kumsukuma mtu anunue asichokitaka. Haendi nayo mbali. Ndipo dada yake anapomkopesha. Mhasibu hufumba macho. Mtazamaji aliyekaa naye kiti cha pili hufuta machozi.

Kundi la nne ni la watetezi wa familia. Hawa hawana ugomvi na muziki. Swali lao ni nani aliyekuwa nyumbani na watoto wakati baba yuko Romania akiwatumbuiza watu 174. Wanawaangalia wake wa wanamuziki kila wanapotokea, na kuhesabu sekunde za kimya kabla ya kila jibu. Wanaotetea bendi huleta methali: mvumilivu hula mbivu. Watetezi wa familia hawaikatai. Wanauliza tu kwa nini haikutaja idadi ya miaka, na huku tunda likisubiriwa, kodi ya nyumba nani anailipa.

Kundi la tano linaitwa la wanaolia, na wengi wake wametoka katika kundi la pili. Mahali pa kuhamia ni studio ya Dover. Lips na Reiner wanagombana vibaya, Reiner anataka kuondoka, na Lips, mtu mzima mwenye nywele ndefu, anatokwa na machozi akimwomba radhi. Mtazamaji aliyekuja kuona vituko anagundua kuwa anatazama urafiki wa zaidi ya miaka thelathini, na kwamba hana leso. Wanaobaki na macho makavu hungoja Japani. Baada ya albamu kurekodiwa, bendi inaalikwa kwenye tamasha kubwa karibu na Tokyo, ila wanapangiwa kufungua pazia saa 5:35 asubuhi, saa ambayo shabiki wa roki nzito bado anatafuta kiatu chake cha pili. Wanatembea kuelekea jukwaani wakiamini kuwa Transylvania imehamia Asia. Ukumbi umejaa.

Kundi la sita ni dogo na lina manung'uniko: wapiga vyombo. Kwao filamu ina machozi mengi na nyimbo chache, na hakuna wimbo unaopigwa ukaisha. Hoja yao ina ukweli ndani yake. Wapo watazamaji wanaoipenda Anvil kwa moyo wote na hawawezi kutaja wimbo wao hata mmoja. Wenyewe walilipatia tatizo hilo dawa: katika ziara ya filamu, baadhi ya maonyesho yalipokwisha, bendi ilipanda jukwaani na kupiga palepale. Aliyetaka kuwahurumia kimyakimya hakupata nafasi, kwa sababu hawakuwa kimya.

Watazamaji wenyewe wameibadilisha maana ya filamu. Waliopata kuiona mwanzoni waliwaona watu walioshindwa. Huruma yao ikauza tiketi, tiketi zikaleta mialiko, na mwaka 2009 Anvil iliwatangulia AC/DC jukwaani katika baadhi ya maonyesho yao viwanjani. Mwaka 2010 filamu ikapata tuzo ya Independent Spirit ya makala bora, nchini Marekani. Kwa hiyo anayeitazama leo anacheka akiwa na amani zaidi, maana anajua kwamba watu 174 wa Romania walionekana na dunia nzima. Bendi imeendelea kutoa albamu. Iitwayo One and Only ilitoka mwaka 2024. Wahasibu bado hawajafunga vitabu.