Gari la Sisi Elfu Tatu, na Sisi Watatu

East Ham, London
Siku ya nne baada ya Krismasi

Kwa Mjomba, Shangazi na baraza zima la Kiwangwa,

Mimi huku ni mzima wa afya pamoja na mama watoto na mtoto wetu, ambaye ni mmoja tu, ila mama yake namwita mama watoto kwa kuweka akiba.

Madhumuni ya barua hii ni gari. Najua mlikaa kikao. Najua kwa sababu mtoto wa Shangazi aliniunga kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kabla ajenda haijaisha, nikakuta picha yangu nimeegemea gari langu, na chini yake Mjomba ameandika: "Mtu mwaka wa tisa Ulaya, bado Vitz?" Kikafuata kikatuni kinacholia. Kisha vingine viwili.

Mjomba, kwanza huku haiitwi Vitz, inaitwa Yaris. Najua ni ile ile. Toyota walimpa mtoto mmoja majina mawili, la kwao Japani na la Ulaya, kama sisi tulivyokuwa na jina la nyumbani na la shule. Injini yake ni sisi 998. Naandika cc kuwa "sisi" kama anavyotamka fundi wetu anapofunua boneti na kuuliza, "Ina sisi ngapi hii?" Likumbukeni neno hilo. Gari lina sisi 998, na sisi wenyewe tuko watatu.

Sisemi kwamba Mjomba hana hoja. Mimi ni mtoto wa Kiwangwa, nilikimbiza mashangingi, yale magari makubwa, kwa miguu. Likipita moja la Serikali kabla ya lami, tulikuwa tunalifuata ndani ya vumbi mpaka tunapoteana wenyewe kwa wenyewe. Na masika ikikolea, mto Ruvu ukitapika bondeni, gari dogo lililothubutu kupita lilikuwa linangojea kiangazi pale pale liliponasa. Wakati ule ukubwa wa gari haukuwa maringo, ulikuwa ni kufika. Lakini sasa mna lami kilomita 64 kutoka Bagamoyo hadi Msata, na hata gari dogo kama IST linakula njia nzima bila kupaliwa. Tope limebaki kwenye njia za mashamba ya mananasi, na huko anayehitajika ni lori la Fuso au pikapu ya kirikuu, wala si shangingi lenye viti vya ngozi.

Huku East Ham, tope pekee nililoliona mwaka huu ni lile mtoto alilolileta sebuleni kwa viatu.

Hata hivyo nilitii. Swahiba wangu mmoja anayeishi Northampton, baba wa watoto wanne, alikuwa anakuja huko nyumbani kwa likizo, akaniambia, "Chukua gari langu wiki moja, upige picha, uokoe heshima ya ukoo." Gari lenyewe jeusi, viti saba, la dizeli, la mwaka 2012, sisi elfu tatu. Nikakata bima ya wiki kwa jina langu, maana huku ukikamatwa barabarani bila bima polisi wanaondoka na gari, wewe unabaki na funguo. Nikapanda. Mjomba, unapanda kweli, kama unavyopanda dari. Nikawaona watu wote kwa juu, nikajikuta nasalimia kwa kuinua kidole kimoja tu cha usukani, kama mkuu wa wilaya.

Ukuu wa wilaya haukudumu. Nilipoingia London, kamera ikanisoma. Huku kuna kitu kinaitwa ULEZ, ukanda wa hewa safi, na tangu tarehe 29 Agosti 2023 umeenea wilaya zote 32 za jiji. Gari la zamani linalotoa moshi mchafu hulipa pauni 12.50 kila siku linapotembea. Hiyo ni kama shilingi elfu arobaini hivi. Usipolipa, faini ni pauni 180, ukiwahi ndani ya siku 14 wanakukatia nusu. Vitz yangu, pamoja na uzee wake, ni ya petroli na ina moshi wa adabu, kwa hiyo haidaiwi hata senti. Mkuu wa wilaya analipa, mwenye Vitz anapita bure. Hapo ndipo nilipoanza kuona kuwa huku heshima ina mita, na mita yenyewe inazunguka.

Kesho yake ikawa kazi ya kuegesha. Nyumba zetu zilijengwa zama za Malkia Victoria, zimebanana ukuta kwa ukuta, na barabara ilipimwa kwa farasi. Magari yamepangwa pande zote mbili, katikati pamebaki ujia wa kupita gari moja na maombi. Nafasi iliyokuwa mbele ya mlango wetu ni ya Vitz. Lile jeusi nililiingiza pua, kiuno kikabaki barabarani. Nikazunguka mtaa mara tano. Mwishowe nikaliacha mitaa minne mbele, nikarudi nyumbani kwa miguu kwenye baridi. Yaani niliazima gari kubwa ili nitembee kwa miguu zaidi.

Na kwa kuwa si la mtaa huu, ilinibidi kulinunulia kibali cha mgeni, cha saa chache chache. Nanyi mnajua wazee walivyosema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu nikataka kulikabidhi jembe kweli, nikaambiwa halihitaji, tayari ni trekta. Waingereza wenyewe wana jina la utani kwa magari ya namna hii yanayozurura mjini: trekta la Chelsea. Chelsea ni mtaa wa matajiri kabla ya kuwa timu ya mpira. Mjomba, wewe ukisikia trekta unawaza ekari za mananasi. Huku trekta ni kejeli. Jirani yangu mzee alilitazama gari, akanitazama na mimi, akauliza kwa upole, "Unalima wapi?"

Siku hiyo hiyo tukaenda sokoni. Mama watoto alitaka nanasi. Kuna njia ya mkato ambayo halmashauri imeikatalia malori kwa kusimika vyuma viwili vya kubana njia, upana futi saba, kama mita 2.1. Vitz hupita pale bila kupunguza mwendo. Lile jeusi, na masikio yake yakiwa wazi, ni kama mita 2.2. Nikakunja vioo vya pembeni. Mama watoto akashuka, akasimama mbele yangu na koti lake la baridi, akageuka konda wa daladala: "Njoo... njoo... kata kulia... wewe, kulia kwangu!" Nyuma foleni ikajipanga. Waingereza hawapigi honi, wao hushusha pumzi, na kushushiwa pumzi na magari kumi na moja kunaumiza kuliko honi. Nilibakiwa na upana wa vidole viwili kila upande, na gari la mwenyewe lisilo na hata mchubuko. Nikarudi kinyumenyume. Magari kumi na moja yakarudi kinyumenyume pamoja nami, kama msafara wa kiongozi uliofungwa nyuma mbele.

Tulifika kwa njia ndefu. Buti lile lingebeba mananasi mia. Tukanunua moja, la Costa Rica, lenye karatasi ya jina shingoni kama mjumbe wa mkutano. Lilibingirika nyuma kule njia nzima, du, du, du, mpaka mtoto akauliza nani anabisha hodi.

Wala msidhani ni kisirani changu peke yangu. Magari yenyewe yananenepa. Shirika moja la Ulaya la mambo ya usafiri, Transport & Environment, lilipima likakuta gari jipya la wastani limefika upana wa sentimita 180.3 mwaka 2023, na kwamba upana unaongezeka kama sentimita moja kila miaka miwili. Barabara ya Malkia Victoria haijaongezeka hata ukucha. Kule Paris wameshachoka: tarehe 4 Februari 2024 waliwaita watu kupiga kura kama magari mazito ya wageni wa mtaa yatozwe mara tatu ya ada ya maegesho, yaani yuro 18 kwa saa katikati ya jiji. Waliojitokeza hawakufika 6 kwa mia, lakini zaidi ya nusu yao walisema ndiyo, na Oktoba ya mwaka huo huo ada ikaanza. Ningekuwa Paris wiki ile ningelala ndani ya gari, kwa kuwa ningekuwa nimeshalipia chumba.

Basi nikaapa nitalipiga picha na kulirudisha. Lakini ikaingia Krismasi.

Tarehe 25 Desemba London hufa. Hakuna treni, hakuna basi la jiji hata moja, jiji la watu kama milioni tisa linageuka Kiwangwa saa saba mchana wakati wa jua kali. Na ndiyo siku pekee katika mwaka mzima ambayo ULEZ haitozi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri simu ikalia. Dada mmoja wa Kitanzania, muuguzi: "Kaka, nasikia una gari kubwa. Tuko wawili, zamu inaanza saa moja na nusu, teksi inataka nyama ya mwili." Nikaenda. Nikiwa njiani kurudi, simu nyingine: bibi mmoja wa Barawa, jirani yetu, ambaye Chimwini chake, yaani Kiswahili cha kwao, hunifanya nijione mwanafunzi wa Kiswahili, anataka kwenda kwa mwanawe Ilford. Kisha kijana wa Kilifi, ana sufuria la pilau la watu thelathini na hana njia ya kulifikisha Barking. Jioni wale wauguzi wakatoka zamu na wenzao.

Wakati mmoja, Mjomba, niligeuka nyuma nikahesabu: mimi, mama watoto, mtoto, bibi, wauguzi wawili, na mtu wa Kilifi, sufuria tupu likiwa kwenye buti. Saba. Wa nane alikuwa amesimama nje kwenye baridi, na mikanda imekwisha. Kwetu tungemwambia, "Sogeeni kidogo, dada apakatwe, twende." Huku sheria haijui kusogea. Nilimrudia baadaye.

Vioo vikafanya ukungu kwa pumzi za watu, gari zima likanuka pilau na dawa ya hospitali, bibi anatusimulia Barawa, mtoto amelala mapajani kwa mtu asiyemjua, hapana, kwenye kiti chake, sheria isije ikasoma barua hii. Nikaikumbuka Noah ya jirani yetu pale Kiwangwa. Haikupewa jina la mwenye safina bure. Ina viti vinane, lakini imeshapeleka mgonjwa Bagamoyo huku ndugu saba wakimshika, imebeba bibi harusi, wafiwa, kuku, na mananasi chini ya viti. Mwenye nayo ana mke na watoto wawili. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kumuuliza familia ndogo hivyo ya nini na gari kubwa, kwa sababu siku alipolinunua, lilikuwa la kwenu.

Hapo nikaelewa mlichokuwa mnadai kikaoni. Gari kubwa kwetu hununuliwa kwa hesabu ya ukoo. Mimi huku ukoo wangu wote uko ndani ya simu, na simu inaingia mfukoni. Siku 364 za mwaka, gari lile lingenibebea hewa, na hewa ya London ina ada. Kwa siku moja iliyobaki, nitaazima tena.

Basi kwa furaha ya siku ile nikafanya kosa. Nikapiga picha, gari limejaa watu, nikaituma kwenye kundi. Dakika sita baadaye mweka hazina wa kamati ya harusi ya binti wa Shangazi akaandika: "Hongera kaka! Kamati imepitia upya mchango wako, kutoka laki moja hadi milioni moja." TRA, mamlaka yetu ya mapato, wanapotoza ushuru wa bidhaa kwenye gari linaloingia nchini huangalia sisi zake: zikizidi elfu mbili, kiwango kinapanda. Sikujua kamati za harusi nazo zina jedwali hilo hilo. Kweli ukubwa ni jalala.

Gari nimeshalirudisha Northampton, limeoshwa, na lile nanasi nimelitoa. Kwa hiyo naomba baraza liifikishie kamati rufaa yangu: zile elfu tatu zilikuwa za kuazima. Mchango wangu ukokotolewe kwa sisi 998.

Ni mimi mpwa wenu,
wa mtaa ule ule.

N.B. Naambatisha picha mpya ya Vitz. Nimeiosha. Mjomba, tafadhali iwafikie kabla ya kikao cha Jumamosi, na kile kikatuni kinacholia safari hii kiweke mwenyewe mapema, ili wakihurumie.