Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Minara, Masafa na Vifurushi

Kutoka: Mpangaji, Nzuguni, Dodoma.

Kwa: Mheshimiwa Mkuu wa Minara, Masafa na Vifurushi, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

YAH: OMBI LA KUMWAJIRI MANGI WA DUKA LA KONA KUWA MDHIBITI WA MAWASILIANO WA MTAA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mmoja wa watu wengi tuliohamia Dodoma tangu Serikali ilipotangaza, mwaka 2016, kwamba ule uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa sasa unatekelezwa kwa vitendo. Nyumba nimepata. Maji nayapata, siku yanapotoka. Vumbi nimeshalizoea, nikajua kwamba la huku halifutwi, linahamishwa tu kutoka kiti hiki kwenda kile. Limebaki jambo moja ambalo kila mtu ananiambia ni jepesi kuliko yote, kwa kuwa nina uhuru kamili: kuchagua mtandao wa simu na intaneti.

Kwa uhuru huo nakupongeza. Taarifa zako za kila robo mwaka nimezisoma kwa fahari. Mwaka 2024 laini za simu zinazotumika nchini zilipita milioni 80. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, wakiwemo watoto wachanga ambao bado hawajaanza kununua vocha. Ofisini kwako hilo linaitwa ukuaji wa sekta. Mtaani kwetu lina maelezo mafupi zaidi: mtu anabeba laini mbili au tatu kwa sababu hakuna hata moja anayoiamini peke yake. Ukimwona mtu amevaa mikanda mitatu, humpongezi kwa wingi wa mikanda. Unamwuliza suruali ina nini.

Nilidhani majina yangenisaidia kuchagua, lakini nayo yana mambo yake. Mobitel iliyoanza miaka ya tisini ikawa Buzz, Buzz ikawa Tigo, na Tigo tangu mwishoni mwa 2024 ni Yas. Celtel ikawa Zain, na Zain mwaka 2010 ikawa Airtel. Wazee bado wanaomba vocha kwa majina ya marehemu, na wauzaji wanawaelewa. Namba ni ile ile na mnara ni ule ule. Kilichobadilika ni fulana za vijana wanaosajili laini.

Vijana hao ndio ninaotaka tuwazungumzie kwanza. Wa kwetu ana mwavuli mkubwa, ana stuli, ana kile kimashine cha alama za vidole. Tangu Januari 2020 laini isiyosajiliwa kwa vidole huzimwa, kwa hiyo nilikaa kwenye stuli kama raia mwema nikamtajia namba ya NIDA, tarakimu zote 20. “Weka gumba. Toa. Weka tena. Limekataa.” Gumba lilikuwa na vumbi la kutwa nzima ya kushusha vyombo. Akalishika, akalifuta kwa pindo la fulana ya ofa, akalipulizia pumzi, akalikandamiza kwa nguvu mpaka kucha ikabadilika rangi. “Tayari, bosi. Limesoma.”

Sasa taifa linanijua: jina, tarehe ya kuzaliwa, gumba la kulia. Nami nikaomba nijue jambo moja tu. Nikamwuliza, “Kule ninakokaa, ndani ya nyumba, mtandao huu unashika?”

“Bosi, huu unashika Tanzania nzima.”

Tanzania nzima, Mheshimiwa! Nchi yenye kilomita za mraba zaidi ya 940,000, visiwa, maziwa na Mlima Kilimanjaro juu yake. Mimi niliulizia chumba cha kulala.

Hapo ndipo penye kiini cha barua hii. Kampuni inataka kunijua mpaka mistari ya gumba kabla ya kuniuzia laini, na mimi nainunua bila kujua kama itaita nikifika nyumbani. Anayepewa majina tu bila taarifa hajachagua, amebahatisha. Na michezo ya kubahatisha, nijuavyo, ina bodi yake nyingine.

Laini mpya, nakiri, ilipokewa kwa heshima zote. Dakika za bure, gigabaiti za kumwaga, meseji ya “karibu katika familia yetu”. Lakini wahenga hawakukosea: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ofa ya mgeni ilipokwisha nikaingizwa kwenye menyu ya wenyeji. Bonyeza moja, bonyeza nne, bonyeza sifuri kurudi nyuma, kisha “ombi lako limechukua muda mrefu, jaribu tena”. Humo mna vifurushi vya siku, vya wiki, vya mwezi, vya chuo, vya usiku. Cha usiku ndicho chenye bando kubwa kuliko vyote, na kinaanza kazi saa sita usiku, wakati mtumishi wa umma mwenye kikao asubuhi pale Mji wa Serikali, Mtumba, analijenga taifa kwa kulala.

Na mtandao wenyewe ulikuja, sitausingizia. Ulikuja ukaishia dirishani. Simu yangu sasa ina makazi ya kudumu kwenye nondo ya tatu kutoka kushoto. Ukiihamishia nondo ya pili inapokea meseji tu. Ukiiweka mezani inakuwa saa ya mezani. Nikipigiwa naongea nimebana shavu kwenye nondo, na jirani mmoja ameshaniuliza kwa upole nani amenifungia.

Wataalamu wako wanalijua hili kuliko mimi. Masafa ya chini, yale ya megahezi 700 hadi 900, husafiri mbali na kupenya ukuta. Masafa ya juu, kama haya ya 2600 na 3500 yanayotumiwa na 5G, hubeba data nyingi lakini yakikutana na tofali la saruji na bati hukata tamaa mapema. Kwa hiyo neno “kushika” halitoshi. Kushika wapi? Nasikia ubora hupimwa kwa magari yanayozunguka na vifaa barabarani. Ni kazi nzuri, isipokuwa mimi siishi barabarani. Kwa kodi hii huenda nikafika huko, ila bado.

Kwa haki niseme upo ujumbe mmoja unaopenya saruji, bati na dari mpaka chini ya shuka: “Ile pesa tuma kwenye namba hii.” Huo haujawahi kukosa mnara. Nimeutuma 15040, namba ya kuripoti matapeli, kama tulivyoelekezwa, nikiwa dirishani.

Ndipo nikaenda dukani kwa Mangi kununua mkate. Mangi hakutaka namba ya NIDA wala gumba. Aliniuliza, “Kaka, unakaa juu ya bomba la maji au chini yake?” Nikamwambia chini. Akaweka mkate kwenye mfuko huku akinipa ripoti ya ubora wa huduma: “Chini ya bomba usitumie hiyo, kile kilima kinaikinga. Chukua hii nyingine, ila jioni watu wakirudi kazini inakuwa nzito, subiri mpaka saa nne. Umeme ukikatika, hii inadumu kidogo betri za mnara zikiwa nzima, halafu inakufa. Hapo panda mpaka kwa fundi cherehani, kuna ya tatu inashika pale mlangoni. Ukimkuta ana wateja, simama nje.” Akachukua hela ya mkate. Ushauri ulikuwa bure.

Mheshimiwa, katika dakika moja Mangi alinipa mahali, muda, kizuizi, uwezo wa mnara na mpango wa dharura. Na ana sababu ya kujua: ndiye anayerudishiwa lawama mtu akinunua vocha ya mtandao usioshika.

Nikafuata ushauri, nikaongeza laini ya pili kwa usalama. Hapo nikakumbana na somo jingine. Nilidhani kila kampuni ina mnara wake. Kumbe kampuni kubwa zilishauza minara yake kitambo kwa kampuni za minara, na Helios Towers ilinunua ya zaidi ya mtandao mmoja. Mnara mmoja unabeba antena za wapinzani wawili au watatu, wote wakitegemea umeme ule ule na jenereta ile ile. Kiuchumi ni busara, sina ugomvi nayo. Ila mhamiaji anayeongeza laini ya pili kama akiba huenda ameweka akiba mbili kwenye nguzo moja, na hakuna anayemwambia. Hata tukiuacha mnara, Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, nchi ilionja usawa wa kweli: mwenye bando la mwezi na mwenye bando la saa moja wakakaa pamoja wakitazama kiduara kinazunguka.

Utasema: kama hukuridhika, si uhame mtandao? Tangu Machi 1, 2017 ninaruhusiwa kuhama na namba yangu, na ni haki nzuri. Lakini namba ikihama, salio linabaki, bando linabaki, na pochi ya pesa za simu haiji nayo. Kwenye pochi hiyo ndiko kunakoingia mchango wa kikoba, kodi ya shamba na deni ambalo binamu yangu ameahidi kulipa. Ndiyo maana watu hawahami. Wanaongeza laini, nawe unaongeza takwimu.

Nikaona niachane na minara, nivute faiba. Tangazo lilisema itafika mlangoni, na likaahidi intaneti “bila kikomo”, kikomo chenyewe kikiwa kimeandikwa chini kwa herufi za ukubwa wa mchwa: ukizidisha matumizi, kasi itapunguzwa. Nikajaza fomu. Mwaka 2022 nchi nzima ilibandikwa vibao vya anwani za makazi, nami kwa fahari nikaandika jina la barabara, namba ya nyumba na postikodi. Fundi akanipigia. Nikakimbilia dirishani.

“Bosi, nimeona anwani yako. Sasa, ni karibu na nini?”

Karibu na bomba la maji, chini kidogo ya duka la Mangi. Alifika mara moja. Akatazama juu, akaniambia kiboksi cha kwenye nguzo kimejaa, kwa hiyo nisubiri jirani mmoja ahame. Nami sasa nawasalimia majirani kila asubuhi na kuwauliza, kwa nia njema, kama wana tetesi zozote za uhamisho.

Kwa kuwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 inakupa meno, na Kanuni za Ubora wa Huduma za 2018 zinakupa rula, naomba yafuatayo:

1. Mangi aajiriwe kwa masharti ya kudumu kuwa Mdhibiti wa Mawasiliano wa Mtaa, apewe kitambulisho chenye kamba shingoni na posho ya kikao. Kikao tayari anacho kila jioni kwenye benchi la nje.

2. Bajeti ikikataa, basi kazi yake ifanywe na wanaolipwa. Kila kampuni itoe ramani ya mtaa kwa mtaa, si ya mkoa iliyopakwa rangi moja, ikionyesha wapi mtandao unashika ndani ya nyumba, wapi nje tu, na saa ngapi unalemewa. Ibandikwe pale pale kwenye mwavuli, karibu na kimashine cha gumba.

3. Ramani hiyo ionyeshe pia nani anatumia mnara mmoja na nani, ili anayenunua laini ya akiba anunue akiba kweli.

4. Kampuni ikisema inashika nyumbani kwangu na isishike, nirudishiwe fedha yangu taslimu. Nisipewe bando la pole linaloisha saa sita usiku.

5. Anayehama mtandao ahame na pochi yake.

6. Anayetangaza faiba mpaka mlangoni ahesabu kwanza nafasi zilizobaki kwenye nguzo, kisha ndipo achapishe bango.

Haya si makubwa. Kijana wa mwavuli alinipata mpaka kwenye gumba kwa muda mfupi kuliko wa kukaanga yai. Teknolojia inayoweza kumtambua mpangaji mmoja kati ya mamilioni haiwezi kushindwa kujua kama mnara unafika kwa mpangaji huyo. Kinachokosekana ni mtu wa kuzilazimisha kampuni ziseme, na nchi hii ilishamwajiri. Ndiye ninayemwandikia.



Wako katika ujenzi wa taifa,

Mpangaji, Nzuguni.

Nakala:
– Mangi, duka la kona: kwa utekelezaji.
– Kampuni zote za simu na intaneti: kwa taarifa. Nakala yao imetumwa kwa laini tatu tofauti. Itakayotangulia kufika ndiyo halali.