Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Dhamana: Naomba Ile Barabara ya Kwenye Tangazo

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Dhamana,
Kampuni iliyoniuzia gari dogo jipya,
Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA KUPATIWA BARABARA INAYOENDANA NA GARI LANGU

Ndugu Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza pole na kazi. Si jambo dogo kushinda ofisini ukiwaeleza watu wazima kwamba kilichovunjika hakijavunjika, kimechakaa tu. Nimeisoma barua yenu ya mwisho, ile yenye nembo ya rangi. Inasema shokapu zote mbili za mbele, bushi za mikono ya chini na stabilaiza linki ya kushoto vimepatwa na "uchakavu wa kawaida". Gari halijafika kilomita 20,000. Kijitabu chenu cha dhamana kinasema miaka 3 au kilomita 100,000. Nabaki najiuliza, kwa heshima zote, huo uchakavu usio wa kawaida ungekuwaje. Labda magurudumu yangedondoka palepale shoruumu, kabla sijakabidhiwa funguo.

Wenzangu wenye magari madogo wanalijua swali lenu. "Unapita barabara gani, mzee?" Linaulizwa kwa sauti ile ya daktari anayemuuliza mgonjwa anakunywa chupa ngapi kwa siku. Ukisema kweli, umejihukumu. Ukisema unapita kwenye lami tupu, kijana anainama chini ya gari, anarudi na kidole chenye vumbi, anakionyesha bila kusema neno. Kisha inaletwa ankara ya ada ya uchunguzi, yaani nalipa ili niambiwe kwamba sitalipwa.

Siku nilipolinunua gari hili mlinijazisha fomu, na fomu ilikuwa na mstari wa makazi. Niliandika GOBA, kwa herufi kubwa kama mlivyoelekeza. Kijana wenu wa mauzo akaisoma, akagonga muhuri, akaniambia gari hili "linahimili mazingira yetu". Siku ile hakuna aliyetaka kujua napita wapi. Fedha zangu zilipokelewa vizuri tu, ingawa nazo zilikuja kwa njia ileile ya mashimo.

Fundi wangu wa chini ya mwarobaini, ambaye hana kompyuta wala kiyoyozi, alinieleza ugonjwa kwa muda mfupi kuliko ninaosubiri kwenye viti vyenu. Ile raba inayofunika fimbo ya shokapu ilichanika mapema. Mchanga ukaingia, ukaikwaruza fimbo, fimbo ikaikata sili, mafuta yakavuja. Shokapu ikiisha mafuta, springi inabaki peke yake, tairi linaruka badala ya kukanyaga, linalika mabakamabaka, na breki zinahitaji nafasi ndefu zaidi kulisimamisha gari. Magurudumu yenyewe ni ya inchi 14, na gurudumu dogo huzama zaidi shimoni kuliko kubwa. Hayo yote yanajulikana na mtu yeyote anayechora magari. Vitabu vya ufundi huanza kuitilia shaka shokapu ikikaribia kilomita 80,000. Yangu haikufika hata robo.

Halafu mnaniambia ni barabara.

Mkuu, kuna enzi ambayo barabara zetu mbovu zilikuwa cheti. Bert Shankland, dereva wa hapahapa Dar es Salaam, alishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Shekhar Mehta wa Kenya akaja kushinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun. Watengenezaji walivuka bahari kuja kulitafuta tope letu, wakarudi kwao na picha za magari yaliyochafuka mpaka paani, wakaziuzia dunia. Najua magari yale yaliimarishwa. Hiyo ndiyo hoja yangu: kuimarisha mnajua. Tope lilipokuwa linauza magari lilikuwa fahari ya mtengenezaji. Leo linadai shokapu, limekuwa kosa la mteja.

Na sheria yetu ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa ifae kwa kazi ambayo mnunuzi alimweleza muuzaji. Mimi niliwaeleza. Niliandika GOBA. Mlitaka niandike nini tena, hesabu ya mashimo?

Tuyaache hayo, tusije tukagombana. Ombi langu hasa ni moja, na nimelifikiria sana. Naomba mniletee ile barabara iliyo kwenye tangazo lenu.

Mnaijua. Lami nyeusi iliyolowa maji yasiyo na tope, mlima kulia, bahari kushoto, na katikati mstari mweupe ambao hakuna bodaboda aliyewahi kuuvuka. Pacha wa gari langu anapita humo akiendeshwa na bwana mmoja anayetabasamu, asiyetazama chini hata mara moja. Shokapu za pacha huyo, nina hakika, ni kavu mpaka leo. Kwa kuwa dhamana mliyonipa inaelekea iliandikwa kwa ajili ya barabara ile, ni haki gari na barabara yake viuzwe pamoja.

Siiombi yote. Kilomita 4 zinanitosha, kutoka getini kwangu hadi inapoanzia lami. Mlima bakini nao, na bahari tunayo. Ije imekunjwa ndani ya kontena la futi 40, nitatafuta vijana wa kuikunjua. Bandarini najua kutakuwa na maswali: ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na kwa kuwa ilishatumika kupigia picha, huenda ikahesabiwa mtumba na kutozwa zaidi kwa uchakavu. Hapo nitawahitaji ninyi mwandike barua, yenye nembo ya rangi, kwamba uchakavu wake ni wa kawaida.

Majirani wataipokea vizuri. Mama wa nyumba ya pili ataanika mihogo upande wa kushoto, nami sitamkataza, mradi aniachie nafasi ya kupita. Watoto watacheza rede. Mjumbe wa shina atataka barua ya utambulisho, kwa sababu barabara ni mgeni. Usiku nitaikunja niiingize ndani, maana huku kwetu mfuniko wa mtaro hulala ukiwepo ukaamka haupo. Ila najua mwisho wake. Magari yataanza kukimbia, mtoto wa mtu atakoswakoswa, kikao cha mtaa kitaitwa, na kwa kauli moja, mimi nikiwemo, tutaomba matuta. Yatajengwa usiku, marefu, bila rangi wala kibao. Asubuhi nitayaparamia na shokapu mpya, na saa nne nitakuwa mbele ya kaunta yenu nikiulizwa napita barabara gani.

Mengineyo ni madogo. Yule kijana wa mauzo ahamishiwe kaunta ya dhamana, na wa dhamana apelekwe mauzo, walau kwa wiki moja. Kioo cha mbele kibandikwe onyo: LISITOKE NJE. Ada ya uchunguzi mnirudishie, au muiite kiingilio.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kulitania. Bushi ya kushoto ilipoachia nilikuwa kwenye mteremko, gari likavuta pembeni, na nyuma walikuwemo watoto wa shule, wangu na wa jirani. Hatukupinduka. Nililileta kwenu kwa kuvutwa, mkaniandikia ankara. Fedha niliyonunulia shokapu mpya ilikuwa ada ya muhula, na mtoto wangu alirudishwa nyumbani akiwa na sare yake. Mnachukua akiba ya mtu ya miaka mingi, mnampa gari lisiloweza kumfikisha kwake, kisha mnamwita mharibifu. Huo ni wizi. Unafanyiwa kwenye kiyoyozi, kwa kikombe cha kahawa ya bure, lakini ni wizi.

Samahani, Mkuu, kalamu imeteleza. Kahawa yenu ni nzuri, sijawahi kuilalamikia.

Nasubiri majibu. Kama barabara itachelewa meli, nipo tayari kuanza na mita mia za kwanza.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mteja wa Goba

Nakala:
Benki iliyonikopesha, ili ijue kwamba shokapu zilizokufa bado nusu ni zake.
Dereva wa kwenye tangazo, popote alipo: tazama chini, ndugu yangu.
Fundi wa chini ya mwarobaini: shokapu ya kulia nimeipata Gerezani, bei imepanda. Njoo Jumamosi asubuhi na jeki yako, yangu haifiki.