Sifa za Mgeni Asiyeaga

Lucian wa Samosata, mtu wa Shamu aliyeandika Kigiriki katika karne ya 2, alimtungia nzi sifa kemkem: wepesi wa mabawa yake, ushujaa wake, na namna anavyoonja chakula cha mfalme kabla ya mfalme mwenyewe. Sisi wa nyanda za juu za Kigoma nzi tunaye, tena wa kutosha, ila sioni alichotufanyia cha kutungiwa sifa. Anayestahili huku kwetu ni mwingine. Ni yule anayechomoza kwenye kioo cha kompyuta ya nyumbani ukiwa katikati ya kuandika barua, akakupongeza kwa kushinda simu ambayo hukuishindania, na ukimfunga anazaa wawili. Pamoja naye namsifu pacha wake asiyeonekana, yule mpelelezi anayekaa nyuma ya kioo akihesabu kila herufi unayoichapa. Wenye chuki huwaita virusi wote wawili. Mimi nawaita mgeni, na sababu ninazo.

Kwanza, alikuja. Hilo si dogo. Kasulu iliisubiri gridi ya Taifa hadi mwaka 2022; kabla ya hapo taa zetu zilitegemea majenereta ya dizeli, na yakikohoa yenyewe, mji mzima unakohoa. Barabara ya kutoka Kabingo kupita Kibondo na Kasulu hadi Manyovu ilitulisha vumbi jekundu miaka nenda miaka rudi kabla lami haijaanza kutandazwa. Wakubwa huja kwa msafara, wakapungia mkono, wakaondoka kabla chai haijapoa. Mgeni wetu hakungoja gridi wala lami. Alipanda flashi, flashi ikapanda mfuko wa shati, shati likapanda bodaboda toka Mabamba, akaingia Kibondo mjini hana hata chembe ya vumbi. Na alipofika alikaa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ukimpa jembe anakulimia mpaka kwenye folda ya picha za harusi.

Ukoo wake nao ni wa kuheshimika. Mwaka 1986, ndugu wawili wa Lahore, Pakistani, Basit na Amjad Farooq Alvi, walitengeneza kirusi kilichoitwa Brain, na ndani yake wakaandika majina yao, anwani yao na namba zao za simu. Huo ndio ustaarabu tuliolelewa nao: mgeni anapiga hodi, anasema yeye ni nani na ametoka kwa nani. Waliofuata hawakuwa na adabu hiyo, lakini walikuwa na upendo. Mei 2000 alitokea mmoja kutoka Ufilipino, amejifunga katika barua pepe yenye kichwa cha habari “nakupenda”, na mamilioni ya watu duniani wakaifungua. Walikuwemo maofisa wa serikali na wa makampuni makubwa, watu waliokula kiapo cha kutofungua vitu hovyo. Usiwacheke. Mtu hukaa mwaka mzima haandikiwi na yeyote ila wanaomdai.

Kidirisha chenyewe kinachochomoza kilizaliwa Marekani katika miaka ya 1990, kwenye kampuni iliyoitwa Tripod. Ethan Zuckerman, aliyeandika msimbo wake, alikuwa anatafuta namna ya kuonyesha tangazo bila kulibandika juu ya ukurasa wa mtu, kwa sababu kampuni moja ya magari ilichukia kuona tangazo lake limekaa kwenye ukurasa wa mambo ya aibu. Akalifungulia tangazo dirisha lake lenyewe. Mwaka 2014 aliandika hadharani kuomba radhi. Sijui alikuwa anamwomba radhi nani. Huku kwetu, ambako matangazo ya kampuni kubwa huishia Tabora kwa uchovu wa safari, yeye ndiye aliyetufanya tuhesabiwe kuwa wanunuzi.

Maana sifa yake kubwa ni hii: anatujali. Hana ubaguzi wa wilaya. Mwaka 2015 ilibainika kwamba kompyuta mpakato kadhaa za Lenovo zilitoka kiwandani na Superfish ndani yake, programu iliyopenyeza matangazo hata kwenye kurasa zilizofungwa kwa ulinzi. Mnunuzi wa New York, pamoja na dola zake, alipelelezwa vilevile kama anavyopelelezwa mpiga chapa wa Kumunyika, Kasulu. Mwaka 2020 watafiti wa usalama wakaeleza kuwa wamezikuta programu hasidi Triada na xHelper katika simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini, zikiwaunga wenye simu kwenye huduma za kulipia ambazo hawakuziomba. Yaani hata simu ya bei ya chini kabisa, ambayo dukani hupewi nayo hata kava, inaletewa mtumishi wake ndani. Nionyesheni huduma nyingine iliyofikishwa kwa maskini bila foleni.

Halafu anasoma. Barua yako kuhusu mpaka wa shamba ilipelekwa ofisini ikapigwa muhuri “imepokelewa”, na toka hapo haijaguswa. Mpelelezi wako aliisoma siku uliyoichapa, neno kwa neno, hata yale uliyoyafuta kwa kuogopa. Anajua paswedi yako, anajua saa unayolala, anajua ulitafuta dawa ya mgongo ukaona haya ukafunga ukurasa. Na baada ya kukusoma kwa bidii hiyo yote, anakuletea tangazo la mashine ya kusukuma theluji. Kibondo! Hapo wengine hukasirika. Mimi naona ni heshima: amekudhania kuwa na baraza pana na gari la kutoa nje asubuhi.

Wenye roho nzito watasema sheria zipo. Zipo kweli. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumtumia mtu ujumbe asiouomba kwa nia ya kutenda kosa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweka masharti ya kuchukua taarifa za mtu, ridhaa yake ikiwemo. Lakini mgeni wetu ni mwanasheria kuliko wanaomshitaki. Anaomba ridhaa. Januari, matokeo ya kidato cha nne yakitoka, nyumba nzima inakusanyika mbele ya kioo kimoja, namba ya mtihani imeandikwa kiganjani, na mtandao unazunguka tu. Mtoto anafungua ukurasa wa kwanza unaofanana na wa matokeo. Ukurasa unasema: bonyeza Ruhusu kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Nani katika ukoo wetu anataka kudhaniwa roboti siku ya matokeo? Anabonyeza. Tangu hapo, pembeni chini kwa mkono wa kulia, panaota vikaratasi usiku na mchana: kompyuta yako ina virusi 13, kompyuta yako inakufa, mjane tajiri anakutafuta. Ridhaa imetolewa mbele ya mashahidi.

Uvumilivu wake ungefaa kufundishwa mashuleni, na mahali pa kuuona ni kibandani kwa fundi. Kibanda ninachokisemea kiko Kasulu: meza moja, mashine ya fotokopi, ubao wa “passport size papo hapo”, na kompyuta zilizofunuliwa matumbo. Mwalimu mstaafu analeta ya kwake, sanduku limefungwa kitenge, mtoto wa jirani kabeba kioo.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba mwanangu. Ukiifungua tu, inakwenda kwa Wachina.”

Fundi anaiwasha. Kabla kioo hakijatulia, vidirisha vinne vimekwisha fika, kimoja kina muziki. Anakwenda kwenye orodha ya programu, anaipanga kwa tarehe ili za karibuni zikae juu, na hapo ukoo mzima unasimama mstari: kibadilisha PDF, kiongeza kasi, kisafisha kompyuta, kitafutaji chenye jina tamu, na vyote viliingia siku moja, dakika moja. Ndivyo wanavyosafiri. Ulikuwa unapakua kicheza video cha bure, ukabonyeza Endelea, Endelea, Endelea, na katika kila Endelea palikuwa na kisanduku kidogo kilichokwisha wekwa tiki kwa niaba yako. Anaving'oa kimoja kimoja. Kisafisha kompyuta, kikiwa kinang'olewa, kinauliza kwa huzuni kama una hakika.

Anaizima, anaiwasha. Kimerudi kitafutaji.

Hapo fundi anacheka kwa heshima, kama mtu aliyekutana na mchezaji wa bao anayemweza. Anabofya kwa kitufe cha kulia ile shotikati ya kivinjari, anafungua sifa zake, anasogeza mshale mpaka mwisho wa ule mstari mrefu. Baada ya jina la programu, baada ya alama ya kufunga, pamebandikwa anwani ya ukurasa wa matangazo. Ni mstari mmoja mfupi. Kila mwalimu alipofungua kivinjari, alikuwa anakiamuru kwa mkono wake mwenyewe kianzie kule. Fundi anaifuta. Kisha anafungua kivinjari, na katika mipangilio yake anakuta maandishi ya kwamba kivinjari hiki kinasimamiwa na shirika lako.

“Mwalimu, wewe uko shirika gani?”

“Niko SACCOS ya walimu. Wao wanaingiaje humu?”

Hawakuingia. Mgeni ndiye aliyeandika amri ndani ya mfumo, amri za aina ile ambayo makampuni hutumia kuwadhibiti wafanyakazi wao, ili programu iliyopachikwa kwenye kivinjari isiwe na kitufe cha kuiondoa. Mstaafu aliyehangaika na mafao akajikuta ameajiriwa upya bila barua. Tuseme kweli, wengi wangepokea.

Kazi yenyewe sasa inaanza. Fundi anaiwasha kompyuta katika hali salama, ile ambayo Windows huamka na vitu vichache tu, ili mgeni akutwe amelala. Kwenye mashine za zamani anabonyeza F8 mfululizo. Kwenye za sasa anashikilia Shift huku akiagiza iwashwe upya. Anafuta ile amri ya shirika. Anafungua ratiba ya kazi za mfumo, na huko ndiko siri ilipo: kumewekwa kazi ndogo yenye jina la heshima, kama la sasisho, inayoamka kila mtu anapoingia, ikakagua kama ndugu zake wapo, na wakikosekana inawapakua tena kwa bando la mwenye nyumba. Ndiyo sababu bando la wiki lilikuwa linaisha Jumanne. Anaikata hiyo. Anasafisha mafaili ya muda. Anapitisha programu ya kusaka virusi, Malwarebytes, kwa kuitoa kwenye flashi aliyoifunga isiandikike, kisha AdwCleaner, na zote mbili zinaokota makombo ambayo jicho halikuyaona. Mwisho anaondoa ile ruhusa ya Januari katika mipangilio ya arifa za kivinjari, na vikaratasi vya pembeni vinakoma ghafla. Mjane tajiri ameondoka bila kuacha namba.

Wapo mafundi wasiopenda safari yote hii. Wao wanapiga Windows upya, wanachukua noti yao ya elfu kumi, yamekwisha. Na hapo ndipo mgeni wetu huonyesha ukubwa wake. Mteja anafika nyumbani, kompyuta mpya kama yai, anaingia kwenye akaunti yake ya kivinjari ili apate alamisho zake za zamani. Akaunti, kwa uaminifu mkubwa, inamrudishia kila kitu alichokuwa nacho. Kila kitu. Ile programu iliyopachikwa ilikuwa imehifadhiwa huko juu pamoja na anwani za wajukuu. Ikishindikana kwa njia hiyo, ipo flashi kwenye droo, ile ambayo mafolda yake yote yaligeuka shotikati. Ukiibofya moja, unamwita mwenyewe aingie, naye kwa hisani anakufungulia na folda ulilolitaka. Mafaili halisi yamefichwa tu, hayakufutwa. Fundi anafungua kile kioo cheusi cha kuandikia amri, anaandika attrib -h -r -s /s /d na herufi ya flashi, na mitihani ya darasa la saba inatokea tena kana kwamba ilikuwa imekwenda msalani. Wezi wa kawaida hawana huruma ya namna hii.

Nisisahau faida za kiuchumi. Nusu ya vijana waliosomea kompyuta katika miji yetu wasingepata mteja kama mashine zingekuwa nzima. Steshenari isingekuwa na benchi la kusubiria, na benchi lile limefunga ndoa mbili tatu. Mtoto wa Kibondo asingejua hali salama, ratiba ya kazi wala attrib kwa kufundishwa darasani. Amejifunza kwa mgeni. Na watu wa rika langu tumejifunza kubadilisha paswedi, tena tukiwa kwenye kompyuta nyingine iliyo safi, baada ya kuambiwa kwamba kuibadilisha kwenye ileile yenye mpelelezi ni kumwandikia mpya kwa imla.

Wanaotaka kumfukuza moja kwa moja nawaonea huruma. Kompyuta nyingi zinazopanda basi kuja nyanda za juu ni za mtumba, zilizokwisha fanya kazi katika maofisi ya watu wengine. Nyingi bado zina Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020. Zilizo na bahati zina Windows 10, nayo huduma yake ya kawaida ilifikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025. Kiwanda kimezisahau, muuzaji amezisahau, na vipuri vyake havipatikani Kigoma wala Mwanza. Mgeni wetu peke yake ndiye anayeendelea kuzitengenezea kitu kipya.